Vitanda viwili, ombi moja

Chumba chetu kilikuwa na vitanda vinne, na kwa muda wa wiki moja hivi wawili kati yetu tulikuwa tunataka kufa.

Mmoja alikuwa kijana wa miaka 23 aliyekunywa sumu baada ya kuachwa na mchumba. Mwingine nilikuwa mimi. Ilikuwa imepita miezi minne tangu nijirushe kwenye maji niliyodhani yana kina, nikagonga chini kwa kichwa na kuvunja pingili ya tano ya shingo. Mabega yalibaki yangu. Viwiko navikunja ila kuvinyoosha siwezi, na vidole havinijui tena. Kuanzia kifuani kwenda chini ni kimya.

Yule kijana alipozinduka na kusema bado anataka kufa, wodi nzima ilisimama. Wembe wake wa kunyolea ukaondolewa, na mkanda wa suruali pia. Mshauri nasaha alikuja siku hiyo hiyo, akarudi kesho yake na keshokutwa. Mama yake alipewa kiti alale naye, jambo ambalo sisi wengine tulikuwa tumekatazwa. Kila aliyepita alimgusa mguu: "Una maisha mbele yako, mdogo wangu."

Siku mbili baadaye nikasema mimi. Maneno yale yale, ila kwa sauti ndogo zaidi kwa kuwa pumzi yangu ilikuwa fupi. Daktari aliyekuwa anapita kukagua wagonjwa alinitazama, akatikisa kichwa polepole, akasema, "Nakuelewa kabisa, kaka. Hata mimi ningekuwa wewe sijui kama ningeweza." Akaandika kitu kwenye faili, akahamia kitanda cha tatu. Wembe wangu hakuna aliyeugusa. Ni kweli nisingeweza kuushika, lakini mnanielewa.

Msimamo wangu nausema mapema, maana kuandika kwangu ni kazi: nina kijiti kilichofungwa kiganjani kwa mkanda, nagonga herufi moja moja, na aya kama hii hunila karibu saa nzima. Napinga sheria za kumsaidia mtu kujiua. Sizipingi kwa sababu ya dini, ingawa wengi ninaojikuta nao upande huu wametokea huko, na kwa mambo mengine karibu yote hatuelewani. Nazipinga kwa sababu ya vile vitanda viwili. Ombi lilikuwa moja. Mwenye mwili mzima aliambiwa ni mgonjwa wa huzuni na akashikiliwa kwa nguvu zote, mwenye mwili uliovunjika akaambiwa ana busara.

Usiku wa siku ile ile alikuwa zamu sista mmoja mtu mzima, mzito wa mwendo, ambaye hakuwa na maneno mengi. Kila baada ya saa mbili ilibidi nigeuzwe ili ngozi isioze kwa kulaliwa. Alinilaza ubavu, akaweka mto katikati ya magoti, nami nikamwambia ukutani kule nilikokuwa nimetazama: "Sista, nataka kufa."

Alimaliza kwanza kunyoosha shuka. "Leo kumetokea nini?"

Nilikasirika. Leo? Nimevunjika shingo miezi minne iliyopita, unaniuliza leo?

"Hiyo ya shingo naijua, imeandikwa kwenye faili. Nauliza leo."

Nikakaa kimya, kisha yakaanza kutoka. Asubuhi nilikuwa nimeogeshwa pazia likiwa wazi nusu, wageni wa kitanda cha nne wakaniona nilivyo, na miongoni mwao alikuwamo binti wa shule. Mchana dada yangu alikuwa ameniambia, huku anajitahidi kucheka, kwamba kazini wamempa onyo la maandishi kwa utoro. Na tangu saa nane sikuwa nimepata maji. Kikombe kilikuwa juu ya kabati, shubiri mbili kutoka puani mwangu. Nilikiona mchana kutwa.

Maji ndiyo yaliyotangulia. Halafu akalifunga lile pazia kwa pini mahali lilipokuwa linaachia. Asubuhi, kabla hajatoka zamu, alikuja na mrija mrefu wa plastiki, akaufunga kwa bandeji kwenye chuma cha kitanda, ncha moja ndani ya chupa ya maji na nyingine karibu na mdomo wangu. Nikawa nakunywa ninapotaka. Sisemi kwamba mrija uliniondolea hamu ya kufa. Ilikaa nami karibu miaka miwili, ikienda na kurudi. Nasema tu kwamba yule sista alisikiliza ombi langu kama alivyosikiliza la yule kijana.

Kuna jambo tunalijua sisi tuliovunjika shingo, na anayetutunza asipolijua anaweza kutuua. Siku moja kichwa kilianza kuniuma kama kinapasuliwa kwa shoka. Uso ukawa mwekundu, jasho likamwagika kutoka mabegani kwenda juu, na chini ya hapo mwili ulikuwa baridi na mkavu. Presha ilikuwa imepanda kwa namna inayoweza kupasua mshipa wa ubongo. Kijana wa zamu alikuwa anatafuta dawa ya kichwa. Sista akafunua shuka na kuingiza mkono chini ya paja langu la kushoto: mpira wa mkojo ulikuwa umekunjika, kibofu kimejaa. Akaunyoosha. Mkojo ukashuka kwenye mfuko, na baada ya dakika chache kichwa kikatulia. Mwili wangu ulikuwa unapiga kelele mahali pasipo na tatizo, kwa kuwa penye tatizo ulishapoteza sauti.

Nyumbani ndiko nilikojifunza neno mzigo. Kabla ya hapo nilikuwa nalisikia tu. Dada yangu aliacha kazi, akawa ndiye mikono yangu, miguu yangu na saa yangu ya kengele. Saa nne usiku ananigeuza, saa sita ananigeuza, saa nane ananigeuza. Mwezi wa tano wa maisha hayo nilimwambia nilichoona ni cha kiungwana, kwamba ingekuwa bora ningekufa pale pale majini nisimharibie maisha. Nilitarajia alie, au aniambie ananipenda.

"Mimi nataka kulala," alisema. "Nilale siku tatu mfululizo, nikiamka nitakupenda tena."

Tukacheka mpaka nikakosa pumzi. Lakini alikuwa ameeleza shida yote kuliko mtaalamu yeyote tuliyemwona. Alipungukiwa usingizi na mshahara, na mimi nikawa nimepima upungufu huo nikauita uhai wangu. Kupitia chama cha watu waliovunjika uti wa mgongo tulipata msaidizi wa usiku, mara nne kwa wiki. Dada alilala. Mwaka uliofuata akarudi kazini. Nami, bila kupona hata kidole kimoja, nikagundua kwamba siku zinapita bila kuwazia kufa.

Miaka hiyo nilianza kusoma, na nilisoma kwa hasira.

Jimbo la Oregon, Marekani, lina sheria ya kifo cha kusaidiwa iliyoanza kutumika mwaka 1997, kwa wagonjwa wanaodhaniwa wamebakiza miezi sita au chini. Kila mwaka hutolewa taarifa yenye sababu walizozitaja waliochukua dawa ya kufa wanayoandikiwa na daktari. Nilidhani maumivu yatakuwa juu kabisa. Hayako. Juu kabisa, kwa takriban watu tisa kati ya kumi, ni kupoteza uhuru wa kujiamulia mambo; inafuata kushindwa kufanya yale yaliyoyapa maisha ladha, na kupoteza heshima. Karibu nusu hutaja kuwa mzigo kwa familia. Wengi hutaja pia kushindwa kuzuia haja. Nilisoma orodha ile asubuhi moja nikiwa nimelazwa ubavu, msaidizi akiwa kazini nyuma yangu na glavu zake. Sababu za kufa walizoziandika zilikuwa ratiba yangu ya asubuhi. Nikamsomea kwa sauti. Akasema, "Basi mimi nafanya kazi kwa marehemu."

Hapo ndipo wanaotetea sheria hizi na mimi tunapoachana. Wao husema: hakuna anayekulazimisha, ni hiari ya kila mtu. Sawa, lakini sheria inapoandika kwamba hali fulani ya mwili inatosha kuwa sababu ya kusaidiwa kufa, sisi tunaoishi ndani ya hali hiyo tumeshatajwa. Mtu akisimama juu ya daraja huitiwa polisi. Mimi nikisimama pale, kama ningeweza kusimama, ningeletewa fomu.

Madaktari nao ni watu, wana hofu za watu. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka 2021 uliwauliza madaktari 714 wa Marekani: asilimia 82.4 walisema watu wenye ulemavu mkubwa wana maisha duni kuliko wasio na ulemavu. Lakini utafiti mwingine wa Marekani, wa mwaka 1999, uliowauliza wenye ulemavu mkubwa wenyewe, ulikuta zaidi ya nusu wanasema maisha yao ni mazuri au mazuri sana. Pengo hilo ndilo linaloniogopesha, kwa kuwa anayesaini ni daktari.

Jane Campbell, mjumbe wa Bunge la Malordi la Uingereza aliyezaliwa na ugonjwa unaodhoofisha misuli, amesimulia mara nyingi kilichompata mwaka 2003 alipolazwa na nimonia kali. Madaktari walidhani tu kwamba pumzi ikimshinda hatapenda kuwekwa kwenye mashine. Mumewe alikimbia nyumbani akaleta picha yake akiwa amevaa joho la shahada ya heshima, ili waone ni nani aliyelala pale. Na bado Campbell alijilazimisha kukaa macho karibu siku mbili, akihofu kwamba akisinzia hataamka. Mwaka 2006 akaanzisha Uingereza kundi linaloitwa Not Dead Yet, yaani bado hatujafa, kwa kufuata lile la Marekani ambalo Diane Coleman, mwanasheria aliyetumia kiti cha magurudumu, alikuwa amelianzisha mwaka 1996. Jina hilo lilinifanya nitabasamu kitandani kama mwehu.

Tangu nisome habari ile, begi langu la hospitali lina picha. Ndani yake nimevaa tai, nipo mezani kazini, kijiti kiganjani, nimemkaripia mtu. Imeshatumika mara mbili.

Kanada ndiko nilikokutazama kwa karibu zaidi. Sheria yao ya mwaka 2016 ilihusu watu ambao kifo chao kilikuwa kinaonekana kinakuja. Halafu Jean Truchon, aliyezaliwa na mtindio wa ubongo, akaenda mahakamani Quebec pamoja na Nicole Gladu aliyeugua polio utotoni. Truchon alikuwa na mkono mmoja uliomfanyia kila kitu, na kwa mkono huo alijitegemea. Mwaka 2012 ukafa nao, akahamia kwenye kituo cha matunzo. Walishinda kesi mwaka 2019, na Machi 2021 bunge likabadilisha sheria: mtu mwenye ugonjwa au ulemavu mkubwa akawa anaweza kuomba hata kama kifo hakiko karibu.

Namheshimu Truchon, na simdharau mtu aliyechoka. Ila kila nikiisoma habari yake jicho hukwama palepale, kwenye mkono na kituo. Mkono ulimpotea kwa maradhi. Nyumba yake ilimpotea kwa sababu nyingine, na kwa ile ya pili sijaona mahakama iliyoulizwa.

Desemba 2022 Christine Gauthier, askari mstaafu wa nchi hiyo na mwanamichezo wa Paralimpiki, aliiambia kamati ya bunge kwamba alikuwa amehangaika miaka mitano kutafuta lifti ya kiti chake nyumbani, na kwamba mfanyakazi wa idara ya wastaafu wa jeshi alimtajia msaada wa kufa. Lifti miaka mitano. Machi 2025 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu iliitaka Kanada iifute njia hiyo ya pili, ile ya wasio karibu na kifo.

Nilikuwa na rafiki ambaye hakukubaliana na lolote kati ya haya. Tulikutana kwenye chumba cha mazoezi. Alikuwa mwalimu wa hesabu, ana ule ugonjwa unaozila neva za misuli kidogo kidogo, huku akili ikibaki nzima inashuhudia. Yeye aliitaka sheria. Alipojua natetea upande wa pili alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba, na ndani yake alinipiga kwa tarakimu zangu mwenyewe: mwaka 2023 Kanada waliokufa kwa njia hii walikuwa 15,343, na ambao kifo hakikuwa karibu walikuwa 622 tu. "Wengi wao ni watu wa saratani siku za mwisho," alisema. "Unawanyima hao wote kwa ajili ya asilimia nne."

Nikamjibu kwamba mimi nimo ndani ya hiyo asilimia nne. Akasema hilo si jibu la hesabu. Nikasema hesabu yenyewe si ya kujumlisha tu, kwa kuwa miaka mitano kabla ya hapo hao 622 hawakuwa wanaruhusiwa kuhesabiwa. Akanyamaza, halafu akasema nimepata alama nusu.

Siku nyingine, sauti yake ikiwa imeanza kuteleza, aliniambia: "Wewe unaogopa kusukumwa. Mimi naogopa kufungiwa." Sijawahi kumjibu vya kutosha. Nilimwambia mlango anaoutaka watautengeneza upesi, kwa kuwa ni nafuu kuliko lifti. Alicheka, lakini hakukubali. Alichokiogopa hasa ni kukabwa na pumzi. Timu ya tiba shufaa, yaani ya kutuliza mateso ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, ilipoanza kumtembelea, daktari wao alikaa naye karibu saa nzima akamweleza jinsi mofini na dawa nyingine zinavyotuliza ile hali ya kukosa hewa, na kwamba ana haki ya kukataa mashine ya kupumulia au kuomba iondolewe, jambo ambalo hata mimi sijawahi kulipinga. Mwili ni wake. Hofu ikapungua, haikuisha. Msimamo hakuubadilisha, na mimi sikuubadilisha wangu, na watu waliotuona pamoja walishangaa kwa nini bado tunatembeleana.

Mara ya mwisho nilipokwenda kwake mke wake alikuwa ametoka kidogo, na msaidizi wangu ameteremka kupokea simu. Tulibaki wawili. Tulikuwa tumeanza tena ubishi wetu pale alipokatiza sentensi na kusema, kwa shida, kwamba mto umeteleza, shingo inauma.

Niliusogelea kwa kiti. Nikaweka ngumi yangu ile isiyofunguka kwenye pembe ya mto na kusukuma kwa bega. Ulikwenda upande usiotakiwa. Nikajaribu kwa kiwiko, nikamgonga sikio.

"Wewe," alisema, "ndiye unataka niishi?"

Kengele ilikuwa upande wa pili wa kitanda, ambako kiti changu hakipiti. Nikapiga kelele kuita mara mbili, sauti yangu si kubwa. Yeye hakuwa nayo kabisa. Basi tukangoja. Aliniomba nimsimulie mechi ya juzi ili asiisikie shingo, nikamsimulia, naye akapinga lile goli la pili, akasema lilikuwa la kuotea, na tukabishania hilo mpaka tuliposikia mlango.